Mgonjwa wa Mapafu Asikalishwe Barazani

Apitaye katika vijiji vinavyopakana na mashamba ya mkonge ya Korogwe, au katika vitongoji vya Handeni ambako watu huchoma mkaa, hatakosa kumkuta mzee aliyeketi barazani tangu asubuhi hata jua likuchwe, mabega juu, mikono imeegemea magoti, akizihesabu pumzi zake. Ukiuliza, utaambiwa ana kifua. Ukiuliza tena mbona hata kisimani hafiki, utaambiwa apumzike, maana ndivyo alivyoagizwa. Wajukuu humletea maji, mkewe humtandikia mkeka. Wote wamtendea wema, nasi twasema kwamba wema huo wamdhuru.

Hatuwalaumu. Agizo la kupumzika lilitoka kwa waganga wenyewe. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1926, dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwapo bado duniani, na kitanda na hewa safi ndivyo vilivyokuwa tiba. Dawa zilikuja baadaye, lakini fikira ya kitanda ilibaki, ikaenezwa hata kwa magonjwa mengine ya mapafu. Mwaka 1952 mganga mmoja wa New York, Alvan Barach, alishauri kinyume chake, kwamba wagonjwa hao wafundishwe kutembea. Wachache walimsikiliza. Lakini kufikia mwaka 2015 wataalamu walikuwa wamekusanya majaribio 65, yenye wagonjwa 3,822 wa mapafu yaliyoziba, wakatamka kwamba hakuna haja tena ya kuuliza kama mazoezi yanafaa. Yanafaa.

Yafaa tueleze sababu. Mapafu yaliyoharibika hayatoi hewa yote. Pumzi ya kale hubaki ndani na kuizuia mpya kuingia. Mtu akipanda kilima hutweta, hushikwa na hofu, kesho yake hapandi. Asipopanda, misuli ya mapaja husinyaa. Na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Basi baada ya miezi michache hutweta kwa kwenda chooni. Husema ugonjwa umezidi, kumbe pengine mapafu ni yale yale, kilichopungua ni miguu. Mazoezi hayayaponyi mapafu, wala asidanganywe mtu. Huirudishia miguu nguvu, ili hewa kidogo iliyopo itoshe.

Na wagonjwa hawa wamepatikanaje kwetu? Wengine walivuta sigara, lakini wengi hawakuvuta kamwe. Katika kiwanda cha mkonge majani husagwa kwa mashine iitwayo korona (jina hilo ni la zamani, wala halihusiani na maradhi ya juzi), nayo kazi hiyo ni ya majimaji. Vumbi liko katika chumba cha brashi, ambako singa zilizokauka husuguliwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nguvu za mapafu ya wasindikaji wa mkonge wa Tanzania zimepungua. Waongeze akina mama walioinamia mafiga ya kuni tangu usichana, wachoma mkaa, na waliopondaponda mawe ya dhahabu kule Magambazi. Tena wako wale waliopona kifua kikuu: makohozi yamepimwa, hayana kijidudu, daftari limefungwa, lakini mapafu yamebaki na makovu.

Hao wa mwisho ndio waliofundishwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Habari zao zilichapishwa mwaka 2017. Walikuwa 34, wakahudhuria mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Kipimo chao kilikuwa kwenda na kurudi kati ya alama mbili zilizo mita 10 mbalimbali, mlio ukiwaharakisha hata washindwe. Mwanzoni walifika mita 299 kwa wastani. Mafunzo yalipokwisha, mita 377. Na katika wiki ya 12, mita 400. Mita 100 zaidi ni ndogo kwa mkimbiaji. Kwa mtu aliyekuwa hafiki kisimani, ndizo kisima chenyewe.

Mafunzo hayadai mashine kutoka ng'ambo. Mtu hutembea hata atwete kiasi, lakini aweze bado kusema maneno machache. Huinuka kitini na kuketi mara kadhaa bila kujishika. Huinua chupa zilizojazwa mchanga. Hufundishwa kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji. Kinachohitajika ni mwalimu ajuaye, na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Lakini mtu asianze peke yake kwa kusoma gazeti. Kwanza apimwe makohozi, apimwe na moyo. Na anayetema damu au kushikwa na maumivu ya kifua amwone mganga kabla ya yote.

Kuna tatizo ambalo hatupendi kulificha. Asiyeweza kutembea ataambiwaje aende mjini mara mbili kwa wiki kujifunza kutembea? Toka Kwamkono hadi mjini Handeni kuna nauli. Toka Bungu au Vugiri hadi Korogwe kuna milima pia. Kwa hiyo twaona somo lisifungiwe katika hospitali kubwa. Wauguzi wa zahanati wafundishwe Magunga na Handeni, kisha warudi vijijini wapime mita zao 10 chini ya mwembe. Nao waanze na wale wanaomaliza dawa za kifua kikuu, maana majina yao yamo tayari katika daftari la kliniki, na siku yao ya mwisho ya kuchukua vidonge inajulikana. Siku hiyo, badala ya kuagwa, waambiwe tarehe ya kurudi kwa zoezi la kwanza.