Kompyuta zako zimenuniana? Usikimbilie kuzima ulinzi

VIDEO ya ruracio imejaa kwenye kompyuta ya mezani. Laptopu ya kuihariri iko hapo kando, meza ni hiyo hiyo, na zote mbili zimeshika Wi-Fi moja. Mteja anataka kazi kesho asubuhi. Unabofya folda uliyoshea, na Windows inakujibu kavu kwamba haiwezi kuifikia kompyuta ya pili.

Hapa ndipo vijana wengi wa hii hasla ya video, picha na muziki huachana njia. Kuna anayenunua bando, anapandisha gigabaiti kadhaa hadi mawinguni, kisha anazishusha tena mita moja kutoka zilipokuwa. Kuna anayechomeka flashi ya 32GB na kuambiwa faili ni kubwa mno, ilhali flashi iko tupu kabisa. Shida ni kwamba flashi nyingi za ukubwa huo huja na mpangilio wa FAT32, ambao haubebi faili moja inayofika 4GB. Halafu kuna yule anayefuata ushauri wa video fulani mtandaoni: zima faiawoli, zima nywila, fungua kila kitu.

Huyo wa tatu ndiye hunitia wasiwasi, hasa kama anaishi ploti ambapo Wi-Fi ni moja kwa wapangaji wote. Kushea faili kati ya kompyuta zako hakuli bando, na hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Ila inabidi ujue nini kimekwama kabla ya kuanza kubomoa kuta. Mambo haya sikuyapata chuoni, na hata chuo chenyewe sikukimaliza. Niliyajua kwa kuitwa na majirani, mlango baada ya mlango.

Je, ziko mtandao mmoja kweli?

Usiamini jina la Wi-Fi pekee. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4. Fanya hivyo kwa kompyuta zote mbili.

Kama moja ina 192.168.1.5 na nyingine 192.168.1.9, hao ni majirani wa ukweli. Kama nyingine ni 192.168.100.7, basi kuna uwezekano mkubwa ziko kwenye ruta mbili tofauti. Hii hutokea sana pale mtu ameongeza ruta yake ndogo juu ya ile ya mwenye nyumba: laptopu moja iko huku, nyingine kule. Na ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haijapewa anwani na ruta hata kidogo. Iunganishe upya kabla ya kuendelea.

Kuna mtego mwingine. Ruta nyingi zina Wi-Fi ya wageni, ambayo imewekwa makusudi ili vifaa visionane. Utapata intaneti poa kabisa, lakini kompyuta mbili zitakaa hapo kama watu wasiojuana kwenye matatu. Hamisha zote ziingie Wi-Fi kuu. Na kama unafanya kazi za mtandaoni ukitumia VPN, izime kwanza ujaribu. Baadhi ya VPN hufunga kila kitu kilicho karibu nawe.

Ita kwa namba

Mara nyingi kompyuta haionekani kwenye orodha ya "Network", ilhali iko sawa. Orodha hiyo hutegemea majina, na majina hupotea ovyo. Fungua dirisha la mafaili, na pale juu kwenye anwani andika mikwaju miwili iliyolalia nyuma, kisha namba ya kompyuta yenye faili, hivi: \\192.168.1.5

Folda zikifunguka, kazi imekwisha. Tatizo lilikuwa jina tu. Zikikataa kimya kimya, nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya ile kompyuta yenye faili uangalie kama Wi-Fi hiyo imewekwa "Public" au "Private". Ikiwa "Public", Windows huichukulia kama Wi-Fi ya mkahawa na kukuficha usionekane. Kwa mtandao wako wa nyumbani, weka "Private", kisha washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Faiawoli yenyewe iache iwake, kwa sababu ukishawasha hayo mawili itafungua mlango unaohitajika na kuacha mingine ikiwa imefungwa. Kama una antivairasi ya kampuni nyingine, angalia pia mipangilio yake. Hiyo huwa na ukuta wake pekee.

Inakuuliza wewe ni nani

Ikikuomba jina na nywila, furahi. Maana yake njia imefunguka, kilichobaki ni kujitambulisha.

Watu wengi huandika ile PIN ya tarakimu nne wanayofungulia laptopu. Haitakubali hata ukiiandika mara mia, kwa sababu PIN hufanya kazi kwenye kompyuta yake pekee. Inayotakiwa ni nywila kamili ya akaunti ya ile kompyuta yenye faili. Na kama akaunti hiyo haina nywila kabisa, Windows kwa kawaida haitakuruhusu uingie kupitia mtandao.

Njia safi ni kufungua akaunti ndogo kwenye kompyuta yenye faili, uipe jina kama "kazi" na nywila yake, kisha uishee folda na akaunti hiyo pekee. Kumbuka ruhusa ziko sehemu mbili, kwenye "Sharing" na kwenye "Security", na iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Ndiyo maana mtu anaweza kuona folda lakini asiweze kufungua wala kuweka kitu.

Mashine ya zamani

Kama moja ni kompyuta ya enzi ya Windows XP, au diski ya mtandao iliyozeeka, huenda inazungumza lugha ambayo mashine mpya zimeacha. Lugha hiyo ni SMB1. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB1 na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Baadaye mwaka huo, Windows 10 ikaanza kuja bila SMB1. Unaweza kuirudisha, lakini utakuwa unafungua tundu lile lile. Ni heri utoe diski ya mashine hiyo kuukuu, uichomeke kwa waya wa USB na uhamishe faili zako mara moja.

Ukikutana na mafunzo yanayosema utumie HomeGroup, pita nayo. Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Na kama laptopu yako ya Pro imepata Windows 11 toleo la 24H2, jua kwamba haikubali tena kuingia kama mgeni kwenye mashine isiyouliza nywila. Ile tabia ya kushea bila nywila inafungiwa njia polepole.

Sasa, kuhusu Wi-Fi ya ploti

Ukiweka "Private", ukazima nywila na kushea folda na "Everyone", kila aliyeshika Wi-Fi hiyo anaweza kufungua picha zako, kitambulisho ulichoskani na video ya mteja ambaye hata hajamaliza kulipa. Hahitaji kuwa haka. Anahitaji tu kubofya "Network". Ukimpa na ruhusa ya kuandika, anaweza kufuta.

Kama Wi-Fi si yako, tafuta ruta ndogo hata iliyotumika. Haihitaji kulipiwa intaneti. Iwashe, ibadilishe nywila, na uunganishe mashine zako mbili pekee. Ukitumia waya wa LAN na ruta yenye matundu ya gigabiti, kasi yake kwa hesabu inafika megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hivyo faili ya 10GB inaweza kuhama kwa takriban dakika mbili kama diski zako si za polepole. Ruta za bei ya chini nyingi zina matundu ya megabiti 100, ambayo hayavuki megabaiti 12.5 kwa sekunde. Soma boksi kabla ya kutoa pesa pale Luthuli.

Ukimaliza kuhamisha, ondoa ushea kwenye folda. Kubofya mara chache tu. Na msee akikupigia usiku eti kompyuta zake zimekataa kuongea, mwambie asiguse faiawoli kwanza. Muulize ipconfig inasema nini.