Kichwa na Mguu wa Ukurasa

Katika Misale ya altare, juu ya ukurasa mmeona jina la dominika ao la sikukuu. Si pambo. Padri anafungua kitabu, anatazama juu, anajua mahali alipo.

Wakatekista wetu wanahitaji alama hiyo zaidi. Kijitabu cha ibada ya dominika bila padri kinatoka Kindu kwa baiskeli ao kwa mtumbwi juu ya Lualaba. Mvua inakipata, vyuma vinashika kutu, karatasi zinaachana. Karatasi isiyo na kichwa, nani atajua kama somo lake ni la Kwaresima ao la Paska?

Basi, anayeandika kwa ordinatere, katika Word ya Kifaransa, afungue «Insertion», kisha «En-tête». Mwisho wa kila kipindi aweke «Saut de section», «Page suivante». Hapa ndipo kazi inapoharibika: kabla ya kuandika kichwa kipya, aondoe «Lier au précédent». Asipoondoa, neno Paska litarudi nyuma na kufuta Kwaresima.

Mguu wenyewe uachwe umefungwa, namba zifuatane. Namba itiwe na mashini. Akiiandika yeye mwenyewe, kurasa zote zitakuwa ukurasa wa 3. Mimi napenda «Page X sur Y»: ukurasa wa mwisho ukisoma 30 sur 32, mkatekista anajua kwamba karatasi imepotea.

«Première page différente» iwe kwa sehemu ya kwanza tu, yenye jina la kitabu. Ikibaki katika sehemu nyingine, kila kipindi kitaanza na ukurasa usio na kichwa.