Spika Zikinyamaza, Tusimwonee Askari

Jioni moja umeme ulikatika kambini, ukarejea baada ya dakika chache. Taa ziliwaka na jokofu likaanza kunguruma, lakini spika zetu tatu zisizo na waya, ambazo hutuletea taarifa ya habari katika messi, zilikaa kimya. Mchana ule askari mmoja kijana alikuwa ameonekana akifagia karibu na ruta. Sajenti alimwita, akamhoji kwa ukali, na daftari la makosa likafunguliwa. Kijana alijibu maneno mawili tu: "Sikugusa, afande." Nasi, hatuna budi kukiri, hatukumwamini.

Ndugu askari na polisi, vifaa hivi sasa vimo katika nyumba zetu nyingi, na lawama za namna hii huwaangukia watoto na wake zetu pia. Kwa hiyo yafaa tuelewe kinachotokea.

Ruta ni mfano wa kituo kikuu katika mtandao wa redio. Spika na simu ni vituo vidogo vinavyokitii. Kituo kikuu hukipa kila kifaa anwani yake, kwa mfano 192.168.1.20, nayo hutolewa kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24. Ruta nyingi za nyumbani huweka orodha ya anwani hizo katika kumbukumbu inayofutika umeme unapokatika. Ruta ikizinduka, haikumbuki ilimpa nani nini. Hapo huweza kumpa mgeni anwani ambayo spika bado inaishikilia, na wawili hao wakagongana.

Shida ya pili ni haraka. Umeme ukirudi, spika huweza kuamka kabla ya ruta kuwa tayari. Hutafuta, haioni kitu, na baadhi yake hukata tamaa. Ruta nayo ina sababu ya kuchelewa ambayo mwanajeshi ataithamini: baadhi ya chaneli za masafa ya gigahezi 5 hutumiwa pia na rada. Kabla ya kurusha mawimbi katika chaneli hizo, ruta hupaswa kusikiliza kwa muda usiopungua sekunde 60, isije ikaingilia rada. Katika sehemu ya masafa yanayotumiwa na rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya hudai dakika 10 nzima. Masafa ya gigahezi 2.4 hayana sharti hilo, tena hupenya kuta vizuri zaidi. Ndiyo maana yanazifaa spika nyingi.

Tulipokuwa chuo cha makadeti, mwalimu wetu wa mawasiliano alitufundisha kwamba kituo kikuu kikirejea hewani, vituo vidogo havipigi kelele vyote kwa pamoja. Kila kimoja hujibu kwa zamu yake. Koplo wa mawasiliano aliyeitwa usiku ule alifuata utaratibu huohuo. Alizima spika zote. Aliiacha ruta peke yake dakika tano. Kisha akawasha spika moja baada ya nyingine, na mbili zikasema. Ya tatu, inayotumia betri na ambayo haikuwa imezimika umeme ulipokatika, ilikuwa imeng'ang'ania anwani yake ya zamani. Anwani hiyo ilikuwa imepewa simu ya sajenti mwenyewe! Ilipowashwa upya ikapata nyingine, nayo ikasema.

Baadaye koplo alizihifadhia spika anwani za kudumu ndani ya ruta, akaichagulia ruta chaneli moja isiyobadilika. Alituonya pia tusikimbilie kitufe cha kufuta kila kitu, kwa maana hufuta hata jina la mtandao na neno la siri, na kazi ya dakika kumi ikawa ya usiku kucha. Tena simu inayoziongoza spika sharti iwe katika mtandao uleule. Ikijiunga na ule wa wageni, spika nzima itaonekana mbovu.

Sajenti alichukua kalamu, akalifuta jina la kijana mbele yetu sote, akamwomba radhi. Kijana alipiga saluti, akarudi kwenye ufagio wake. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha zamani, lakini tuliketi tukasikiliza muziki. Tangu siku hiyo, messini kwetu, daftari halifunguliwi kabla ya koplo kuulizwa.