Mapokezi ya Mgeni Katika Nyumba za Kupangisha kwa Muda Mfupi: Mazingatio ya Mji wa Singida

Nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi ni makazi yenye samani, iwe nyumba nzima au sehemu yake, ambayo mmiliki huikodisha kwa usiku mmoja, wiki au miezi michache bila kuwa na kaunta ya mapokezi wala mhudumu wa zamu kama ilivyo katika hoteli na gesti. Kukosekana kwa kaunta hiyo ndiko kunakoipa kazi ya kumpokea mgeni uzito wa pekee, kwa kuwa yale ambayo mhudumu wa hoteli huyafanya mgeni akiwa amesimama mbele yake, yaani kumtambua, kuthibitisha malipo, kumkabidhi ufunguo na kumweleza taratibu, hapa hayana mahali maalumu wala mtu maalumu. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba, katika mji wa njia panda kama Singida, sehemu kubwa ya mapokezi hupaswa kukamilika kabla mgeni hajashuka kwenye basi, na kinachobaki mlangoni ni uthibitisho tu.

Mji wa Singida upo mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma kuelekea Nzega na Mwanza hukutana na ile itokayo Arusha kupitia Babati, takriban kilomita 700 kutoka Dar es Salaam na 240 kutoka Dodoma. Wageni wake ni watumishi walio safarini kikazi, wafanyabiashara wa alizeti, vitunguu na asali, pamoja na jamaa wanaokuja kwenye harusi, misiba na mahafali, na wengi wao hufika kwa basi, hivyo saa yao ya kuwasili haimo mikononi mwao. Kwa takriban miongo mitatu mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha, jambo lililomwezesha mwenyeji kukisia muda wa mgeni kufika. Zuio hilo lilipoondolewa mwaka 2023, mgeni wa saa nane usiku akawa ni wa kawaida, na utaratibu wa mapokezi unaotegemea mwenyeji kuwa macho ukapoteza msingi wake.

Jambo la kwanza la kukamilisha mapema, basi, ni saa. Mifumo ya kuhifadhi nafasi kwa intaneti, kama Airbnb iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008 na Booking.com iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1996, huhesabu siku kuanzia saa sita usiku, ilhali mwenyeji na mgeni wanaopigiana simu husema saa nane bila kutaja kama ni ya usiku au ya mchana. Mgeni aliyehifadhi nafasi ya Jumamosi, na ambaye basi lake litamshusha saa nane usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, atakuwa amefika tarehe iliyoandikwa kwenye mfumo, lakini saa kumi na mbili kabla ya muda wa kuingia, ikiwa muda huo ni saa nane mchana. Na huenda usiku huohuo kitanda chake kinalaliwa na mgeni mwingine ambaye bado ana haki nacho. Njia ya kuondoa utata huo ni kumwuliza kila mgeni basi analopanda na saa linapoondoka, kumwandikia usiku husika kwa majina ya siku zote mbili, na kumweleza kabla hajalipa kwamba anayefika alfajiri hulipia usiku uliotangulia, kwa kuwa nyumba italazimika kuachwa wazi kwa ajili yake.

Jambo la pili ni pengo kati ya kutoka kwa mgeni mmoja na kuingia kwa mwingine. Gesti nyingi nchini humtaka mgeni atoke saa nne asubuhi, na mwenyeji anayefuata desturi hiyo na kupokea wageni kuanzia saa nane mchana hubaki na saa nne za kufua, kudeki na kukagua. Katika kiangazi cha Singida shuka hukauka upesi, lakini masika hali hubadilika, na ndiyo maana kila kitanda huhitaji angalau seti tatu za shuka: moja iliyotandikwa, moja inayofuliwa na moja iliyo kabatini. Ukaguzi unapaswa pia kufika kwenye tangi la maji na kwenye mita ya LUKU, yaani mita ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, kwa sababu yuniti zikiisha usiku mgeni hatahitaji salio la simu pekee, bali namba ya mita na mahali palipo na vitufe vya kuingizia tarakimu 20 za tokeni. Karatasi yenye namba hiyo, iliyobandikwa karibu na swichi kuu, huokoa simu nyingi za usiku wa manane.

Maelekezo ya kufika nayo hutumwa mapema. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya mwaka huo, ilizipa nyumba namba na barabara za mitaa majina, hivyo mwenyeji anaweza kutuma anwani kamili pamoja na alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Hata hivyo, dereva wa bajaji aliyeko stendi huenda akaijua njia kwa msikiti, shule au duka la mbele zaidi kuliko kwa namba, kwa hiyo ujumbe mzuri huwa na vyote viwili, pamoja na picha ya geti na makadirio ya nauli ili mgeni asitozwe bei ya ugeni.

Ufunguo hukabidhiwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ana kwa ana. Ya pili ni kupitia msimamizi anayeishi jirani. Na ya tatu ni kisanduku kidogo cha chuma kinachofungwa ukutani na kufunguliwa kwa namba ya siri, ambayo ni lazima ibadilishwe kila mgeni anapoondoka, la sivyo idadi ya wenye uwezo wa kuingia ndani huongezeka kila wiki. Vitasa vya kielektroniki hufaa pia, ilimradi viwe vya betri ili visitegemee umeme wa gridi, na pawepo ufunguo wa kawaida wa akiba. Kuuacha ufunguo dukani au kwa bodaboda si makabidhiano, kwa kuwa kukitokea wizi hakuna anayeweza kusema ulikuwa kwa nani na kwa muda gani.

Utambulisho wa mgeni huhitaji uangalifu zaidi. Daftari la wageni la gesti nyingi huwa na safu za jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya simu na saini, na kila anayejiandikisha huweza kusoma habari za waliomtangulia katika ukurasa huohuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo, nayo inazihesabu taarifa zinazofichua asili ya kikabila miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa msingi huo, safu ya kabila haina kazi katika nyumba ya kupangisha. Inatosha kukiona kitambulisho cha Taifa au hati ya kusafiria, kuandika jina, namba na tarehe, kisha kuhifadhi kumbukumbu hizo mahali pasipoonwa na wengine, badala ya kulundika picha za vitambulisho kwenye simu ya msimamizi.

Mapokezi yana upande wa serikali na majirani vilevile. Desturi ya kumjulisha balozi wa nyumba kumi kuhusu wageni ina mizizi katika mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, na hata leo mwenyekiti wa mtaa anayejua kwamba nyumba fulani hupokea wageni halali huwa msaada inapotokea tafrani. Leseni ya biashara na ushuru wa nyumba za kulala wageni, ambao hukusanywa na halmashauri, huitenga nyumba hiyo na zile ziitwazo mitaani gesti bubu, na humwezesha mwenyeji kumpa mgeni wa kikazi risiti atakayoiwasilisha kwa mwajiri wake.

Kati ya mahitaji haya yote, mwenye nyumba mwenye mtaji mdogo hatakosea akitanguliza mtu wa kupokea simu usiku kabla ya kununua kitasa cha kielektroniki. Ujumbe uliotumwa mapema hutatua mambo yanayotabirika, lakini basi likiharibika njiani kati ya Manyoni na Ikungi, ni mtu pekee awezaye kubadili saa, kumtuliza mgeni na kuhakikisha kwamba mlango utafunguliwa.