Hakukuwa na Kamera Ujiji

Swali ni lilelile, liulizwe Tabora, Kwihara au Ujiji kwenyewe: ile picha ya Stanley na Livingstone wakivuliana kofia, nani aliipiga? Hakuna aliyeipiga. Ni chapa iliyochongwa kwenye mbao huko London mwaka 1872, miezi kadhaa baada ya wawili hao kukutana Ujiji. Wakati ule magazeti hayakuwa na njia ya kuchapa fotografia pamoja na maandishi. Mbinu ya kuigawa picha katika vitone ilienea kuanzia miaka ya 1880. Kabla ya hapo hata fotografia halisi kwa kawaida ilibidi ichorwe upya kwa mkono, kisha mchongaji aondoe mbao kila palipotakiwa kubaki peupe. Kati ya uso wa mtu na karatasi palikuwa na mkono wa mwingine, mara nyingi zaidi ya mmoja.

Wanaoitetea picha hiyo husema Stanley mwenyewe aliithibitisha. Ni kweli, ilipotoka katika Illustrated London News alitia saini kwamba ni sahihi kana kwamba tukio lenyewe lilipigwa picha, na uthibitisho huo ndio umetuponza hadi leo. Shahidi aweza kumweleza mchoraji nani alisimama wapi, bendera gani ilitangulia, nani alivaa nini. Hawezi kumtolea kichwani pua na macho ya kila mpagazi. Livingstone alikwisha kupigwa picha Uingereza miaka ya 1860, na Stanley alikuwa papo hapo London. Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka mbio kumlaki Stanley, hakuwapo London. Yeye na mtumishi mwenzake Chuma walifika Uingereza mwaka 1874, baada ya Livingstone kufa nao kuupitisha mwili wake Unyanyembe hadi pwani. Kwa hiyo tunazo nyuso mbili zenye ushahidi na umati wa nyuso za kukisia, zote kwa wino mmoja, nasi tunaziamini sawasawa. Kuitundika chapa hiyo ukutani na kuwaambia wanafunzi kwamba hivyo ndivyo walivyofanana babu zao wa njia ya misafara ni kosa, na si dogo.

Lakini kuwa fotografia nako hakumalizi jambo. Kalulu, mtoto ambaye Stanley alipewa na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe mwaka 1871, alipigwa picha pamoja naye London mwaka uliofuata katika studio ya London Stereoscopic Company. Uso ni wake kweli. Pori ni la studio. Litografia, yaani chapa ya jiwe, nayo ina hukumu yake. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta moja kwa moja juu ya jiwe la chokaa, maji yakaikataa rangi pasipochorwa, wala hapahitajiki mchongaji wa kati. Mstari ule ni wake mwenyewe, ndiyo maana wasanii wa picha za watu waliipenda. Hata hivyo mstari wa kwake si ushahidi kwamba alimwona anayemchora. Swali la maana, kwa chapa ya aina yoyote, ni hili: nani alikaa mbele ya nani, wapi, mwaka gani?

Mwenye chapa ya zamani nyumbani achukue kioo cha kukuzia. Vitone vilivyojipanga sawasawa ni uchapaji wa vitone, hivyo si karatasi ya 1872. Chembechembe zisizo na mpangilio, kama za chaki, huelekea kwenye jiwe. Mistari myeupe iliyokatwa ndani ya weusi ni mbao. Geuza nyuma: maandishi ya kitabu yanaonyesha ukurasa ulichanwa. Usiipige laminesheni, usiibandike selotepu, usiisugue kwa limao. Iweke mbali na jua, ndani ya karatasi isiyo na asidi, na maelezo ya chini usiyakate kamwe. Na anayetaka kuuona uso wa Susi aanzie kwenye fotografia zilizopigwa Newstead Abbey, Uingereza, mwaka 1874, si kwenye chapa ya Ujiji.