UCHUNGUZI WA MACHO YA MBUZI KWA MAWIMBI YA SAUTI

Mbuzi atokwaye na machozi, akafumba jicho juani na hatimaye kupata ukungu mweupe mbele ya mboni, si jambo geni kwa wafugaji wa Kibiti na wa visiwa vya Delta ya Rufiji. Ukungu huo humzuia daktari wa mifugo kama unavyomzuia mbuzi mwenyewe. Mwanga wa tochi haupenyi, na haijulikani iwapo nyuma yake lenzi imehama au retina imebanduka.

Hapo ndipo kipimo cha ultrasaundi kinapofaa, kwa kuwa sauti hupita pale mwanga unapokwama. Mbuzi hushikwa akiwa amesimama, jicho likatiwa matone ya ganzi, kisha ncha ya mashine iliyopakwa jeli ikawekwa taratibu juu ya jicho au juu ya kope. Mitetemo ipatayo milioni 10 kwa sekunde, isiyosikika kwa sikio, huingia na kurudi kama mwangwi, na mashine huigeuza kuwa picha. Jicho zima huonekana jeusi ndani. Damu au usaha huonekana kama vumbi jeupe. Retina iliyobanduka hufanana na mabawa ya ndege arukaye, na jicho la namna hiyo ni vigumu kuona tena. Jicho lililotobolewa na mwiba lisibonyezwe kabisa.

Zipo mashine ndogo zitumiazo betri, ambazo zaweza kubebwa hata kwenye mtumbwi. Hata hivyo, ieleweke kwamba mara nyingi ukungu husababishwa na vijidudu vya mikoplazma au klamidia, vinavyoenezwa na nzi na kwa mbuzi kugusana. Vimelea viletwavyo na mbung'o navyo huweza kutia jicho ukungu. Mfugaji asingoje mashine: amtenge mgonjwa kivulini na kumwita afisa mifugo mapema, kwani dawa ya oksitetrasaiklini hufaa zaidi kabla kidonda hakijachimba. Kutia chumvi au tumbaku jichoni, kama wafanyavyo baadhi ya watu, huongeza kidonda.

Mbuzi wanaovushwa kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, huhitaji kibali cha kusafirisha mifugo. Mwenye macho mekundu au yenye ukungu asipakiwe chomboni hadi akaguliwe na afisa mifugo.