Taa za LED kwa Mashine za Kusaga: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Katika Wilaya za Mbulu na Hanang, mashine ya kusaga ni huduma inayotegemewa na kaya nyingi. Kuanzia Haydom na Dongobesh hadi Katesh na Basotu, mahindi na ngano ni mazao yanayofahamika, na katika msimu wa mavuno kazi ya kusaga huweza kuendelea hata baada ya jua kuzama. Taa za LED hupendelewa kwa kuwa hutumia umeme kidogo. Hata hivyo, balbu iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule haifai katika chumba chenye vumbi la unga.

Unga unapotanda hewani kwa wingi ndani ya chumba kilichofungwa, huweza kulipuka ukikutana na cheche kutoka katika soketi iliyolegea au waya uliochubuka. Aidha, unga unaotuama juu ya taa huizuia kupoa, hivyo sehemu zake za ndani huharibika mapema.

Mnunuzi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, alama ya IP. Alama hii hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza huonesha kinga dhidi ya vumbi na ya pili dhidi ya maji. Taa ya IP65 haiingizi vumbi na huhimili maji ya bomba, ilhali ya IP20 haina kinga hiyo. Ikumbukwe kuwa IP65 pekee si kinga dhidi ya mlipuko. Mahali ambapo vumbi hutanda muda mwingi, huhitajika taa yenye alama ya Ex iliyothibitishwa kwa mazingira ya vumbi.

Pili, uwezo wa kuhimili umeme unaopanda na kushuka. Umeme wa kawaida nchini ni volti 230. Taa inayokubali kiwango kipana zaidi cha volti hudumu kuliko yenye kiwango finyu.

Tatu, mwanga usiopepesa. Taa inayopepesa huweza kuufanya mkanda wa mashine unaozunguka uonekane kana kwamba umesimama, na anayeusogelea akapoteza vidole.

Nne, alama ya ubora ya TBS, risiti na dhamana ya muuzaji.

Ufungaji ufanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Wamiliki wanakumbushwa pia kuwa usalama wa wafanyakazi husimamiwa na OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Baada ya taa kufungwa, usafi ndio kinga ya kila siku. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, taa ipoe, kisha ifutwe kwa kitambaa. Unga usipeperushwe kwa upepo wa mashine, kwani kufanya hivyo huurudisha hewani.

Mwananchi atakayeona waya zilizo wazi katika mashine ya kusaga anaombwa kumjulisha mmiliki na kutoa taarifa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata.